Inside Man: Nguvu ya ovaroli, udhaifu wa kasha 392

Mlango wa benki unafunguka na watu wanatoka mbio katikati ya moshi. Ni makumi ya watu, na wote wamevaa ovaroli za aina moja, kofia za aina moja na barakoa za wapaka rangi. Askari waliozunguka jengo wanaelekeza bunduki, wanafoka watu walale chini, kisha wanakwama. Katika kundi hilo wamo wahudumu wa kaunta, wamo wateja waliokuja asubuhi kushughulikia fedha zao, na wamo majambazi walioiteka benki. Nani ni nani? Hakuna afande anayejua. Basi wote wanafungwa pingu za plastiki, wazee kwa vijana, na kupakiwa kwenye mabasi kama wahalifu.

Tukio hilo ndilo lililoifanya Inside Man ibaki kwenye midomo ya wapenzi wa filamu miaka yote hii, ingawa wenzake wengi wa aina yake wamesahaulika. Ilitoka Machi 2006. Mwongozaji ni Spike Lee, na muswada ni wa Russell Gewirtz, mwanasheria aliyekuwa hajawahi kuandika filamu iliyofika kwenye majumba ya sinema. Ilitengenezwa kwa dola milioni 45 na ikaingiza zaidi ya dola milioni 180 duniani, kiwango ambacho hakuna filamu ya Lee iliyokuwa imekifikia kabla yake. Kwa Lee na Denzel Washington hiyo ilikuwa kazi ya nne pamoja, baada ya Mo' Better Blues, Malcolm X na He Got Game.

Makala haya yanafichua mwisho wa filamu. Huwezi kuuchambua wizi bila kusema kilichoibwa, na kwa Inside Man, swali la kilichoibwa ndilo linalotenganisha uzuri wake na ubovu wake. Asiyeiona bado, akaione kwanza.

Hadithi yenyewe ni hii. Dalton Russell, aliyechezwa na Clive Owen, anaingia na wenzake watatu katika tawi la Manhattan Trust, benki ya kubuni, mtaa wa Wall Street. Wamejifanya mafundi rangi. Wanapofusha kamera za ulinzi kwa tochi za mwanga usioonekana kwa macho, wanafunga milango, wanakusanya simu za watu, kisha wanawaamuru wote wavue nguo na kuvaa ovaroli walizokuja nazo. Wao wenyewe wanaitana Steve, Stevie na Steve-O, majina yanayokaribiana makusudi. Nje anakuja mpelelezi Keith Frazier, yaani Denzel, ambaye jalada hili limemwangukia kwa sababu mtaalamu wa kawaida wa kuzungumza na watekaji yuko likizo. Frazier mwenyewe ana doa: kuna dola 140,000 zilizopotea katika kesi aliyoishughulikia, na kidole kimeelekezwa kwake.

Hadi hapo ni wizi wa benki kama tulivyouzoea. Lakini saa zinapita na majambazi hawaonyeshi haraka yoyote. Wanadai mabasi na ndege, na Frazier anang'amua kwamba hawazitaki kweli, kwa kuwa mtu mwenye akili za kupanga wizi wa namna hii anajua ndege haitakuja. Wanapoteza muda. Wanaupoteza kwa nini? Mwenyekiti na mwanzilishi wa benki, Arthur Case, aliyechezwa na Christopher Plummer, anaanza kuhangaika, na wala hahangaikii fedha. Ana kasha lake la kuhifadhia mali, namba 392, ambalo halimo katika kumbukumbu za benki. Anamkodi mwanamke wa kazi za siri, Madeleine White, aliyechezwa na Jodie Foster, ahakikishe hakuna anayeligusa.

Watazamaji wa Kiswahili tuna swali letu la kwanza tunapokaa mbele ya filamu yoyote: steringi ni nani? Tukishamjua tunatulia, maana steringi hafi. Inside Man inalichezea swali hilo vizuri kuliko filamu nyingi za benki nilizoziona. Russell ndiye anayezungumza na mtazamaji moja kwa moja mwanzoni kabisa, akiwa amekaa katika chumba finyu kama mahabusu, akituonya tusikilize kila neno kwa sababu harudii. Frazier ndiye tunayemfuata mtaani. Wote wawili wanavutia, wote wawili wana jambo la kuficha, na kwa zaidi ya saa moja na nusu mtazamaji anapepesuka kati yao. Hata kamera inashiriki. Mpigapicha mkuu, Matthew Libatique, anampiga Russell kwa kamera iliyotulia, mtu akiwa katikati ya fremu, kila kitu kimenyooka. Kwa Frazier kamera inashikwa mkononi, inamkimbilia, inatikisika anapotikisika. Bila kuambiwa, jicho linajua nani ana mpango na nani anatafuta.

Nirudi kwenye ovaroli, kwa kuwa ndiyo fikra bora kabisa ya filamu hii. Katika filamu nyingine za wizi, barakoa ni ya jambazi peke yake. Inamficha yeye na inamtambulisha papo hapo: mwenye barakoa ndiye mbaya, asiye nayo ndiye wa kuokolewa. Gewirtz ameivisha barakoa benki nzima. Kwa kitendo kimoja cha kubadilisha nguo, sheria zote za uokoaji zimevunjika. Mdunguaji aliye juu ya paa hana wa kumlenga. Kikosi cha kuvunja mlango hakijui kimpige nani, mpaka polisi wanaamua kubadilisha risasi za moto na kuweka za mpira. Baadaye, katika vyumba vya mahojiano, Frazier na mwenzake Bill Mitchell, aliyechezwa na Chiwetel Ejiofor, wanawauliza mateka mmoja mmoja, wakijua kwamba baadhi ya wanaolia mbele yao huenda ndio waliokuwa wameshika bunduki. Kila shahidi ni mshukiwa. Kila mshukiwa anaweza kuwa mtu aliyeteseka mchana kutwa.

Na hapo Lee, ambaye maisha yake yote amekuwa akitazama jinsi Marekani inavyowagawa watu kwa sura, anaingiza tukio ambalo halikuhitajika na wizi wenyewe, lakini filamu ingekuwa masikini bila hilo. Majambazi wanamwachia mateka mmoja atoke na ujumbe. Anapovuliwa barakoa anaonekana ana ndevu na kilemba. Ni Vikram, mfanyakazi wa benki, Kalasinga. Kelele zinapigwa kwamba ni Mwarabu, kwamba huenda ana bomu, naye anaangushwa chini na kupokonywa kilemba. Tunamkuta baadaye katika mkahawa uliogeuzwa ofisi ya muda ya polisi, nywele zimefungwa juu, kichwa wazi, akikataa kujibu swali lolote kabla hajarudishiwa kilemba chake. Anazungumza kwa hasira ya mtu aliyechoka: anapekuliwa kila uwanja wa ndege, anasumbuliwa kila mahali. Frazier anamsikiliza, kisha anamwambia kwamba angalau teksi zinamsimamia. Vikram anakubali kwamba hiyo kweli ni nafuu.

Tazama kilichofanyika hapo. Ndani ya benki, watu wamefanana kiasi kwamba haiwezekani kumtambua mwizi. Anatoka mmoja tu anayeonekana tofauti, na polisi kwa sekunde moja wameshaamua yeye ni nani. Na anayemfariji ni mpelelezi mweusi ambaye katika jiji hilohilo teksi humpita. Hakuna hotuba. Watu wawili wamebadilishana machungu yao kwa maneno machache na kazi imeendelea.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa Kalasinga ni nani. Walikuja na ujenzi wa reli ya Uganda miaka ya 1890, na msafiri wa barabara ya Mombasa hadi Nairobi anaijua gurudwara ya Makindu ambako mgeni wa dini yoyote hula bure. Ndiyo maana tukio la Vikram linatuuma kwa namna ya pekee: kwetu kilemba kile ni cha fundi, mfanyabiashara, dereva wa mbio za magari, jirani. Marekani, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, kikageuka alama ya hatari. Siku 4 tu baada ya mashambulizi hayo, mwenye kituo cha mafuta katika mji wa Mesa, Arizona, alipigwa risasi akafa kwa sababu ya kilemba chake. Filamu ya Lee ilipigwa mwaka 2005 katika jiji lililobeba jeraha hilo, na hofu ya bomu imetanda kila kona ya hadithi.

Kuna jambo jingine ambalo naamini watazamaji wa pwani yetu walilisikia tofauti na watazamaji wa Chicago. Inside Man inafunguka kwa wimbo wa Kihindi, Chaiyya Chaiyya, ulioimbwa na Sukhwinder Singh na Sapna Awasthi, muziki wa A. R. Rahman, maneno ya Gulzar. Ulitoka katika filamu ya Dil Se ya mwaka 1998, ambako Shah Rukh Khan anacheza juu ya paa la treni inayokwenda. Dar es Salaam, Unguja na Mombasa, wimbo ule ulikuwa wetu zamani kabla Spike Lee hajauchukua. Wakosoaji wengi waliuona kama pambo la kuvutia, ishara ya jiji lenye watu wa kila taifa. Ni kweli, lakini haitoshi. Dil Se ni hadithi ya mwanahabari anayempenda mwanamke ambaye, kumbe, ametumwa kujilipua. Aliyeiona Dil Se akisikia ngoma zile huku gari la mafundi rangi likipita mitaa ya Wall Street, tayari ana wasiwasi moyoni: huyu anayevutia hivi amebeba nini? Wimbo umempa onyo ambalo picha bado haijampa.

Nguvu ya pili ya filamu ni watu wadogo. Lee hawezi kumpitisha mtu mbele ya kamera bila kumpa uhai. Polisi wanapofanikiwa kuingiza vinasa sauti ndani ya benki, vikiwa vimefichwa kwenye maboksi ya piza, wanasikia lugha wasiyoijua. Wanaipiga kwa sauti kubwa barabarani, na fundi mmoja wa ujenzi aliyesimama kwenye umati anasema hicho ni Kialbania. Yeye mwenyewe hakielewi. Aliyekuwa mke wake ndiye anayekijua. Mama huyo anafika na sigara yake pamoja na rundo la hati za faini za kuegesha gari, na hatafsiri neno mpaka ahakikishiwe kwamba zitafutwa. Hatimaye anawaambia wanachosikiliza ni hotuba za Enver Hoxha, aliyeitawala Albania kuanzia 1944 hadi alipofariki mwaka 1985. Majambazi walijua vinasa vitakuja. Waliandaa kanda mapema.

Tukio hilo lina kila kitu. Linatuonyesha Russell alivyo mbele ya polisi hatua mbili, linaonyesha jiji ambalo lugha yoyote utakayoitaja ina mtu wake pale kwenye umati, na linatupa mwanamke ambaye tunamwona dakika chache tu, na hasahauliki. Yuko pia sajenti mmoja mzungu aliyekuwa wa kwanza kufika benki. Anamsimulia Frazier mkasa wa zamani wa kijana aliyemwelekezea bastola, na katikati ya simulizi maneno ya kibaguzi yanamtoka kama anavyopumua. Frazier anamkatiza kwa upole, bila kupandisha sauti, kwa sababu anahitaji taarifa na hana muda wa ugomvi. Ukimwangalia Denzel usoni pale unaona miaka yote ya mtu aliyejifunza lini aseme na lini ameze.

Yuko mtoto pia. Amekaa ndani ya chumba cha hazina, amezungukwa na fedha, anacheza mchezo wa kielektroniki wa mkononi. Russell anakaa naye, anaomba kuuona. Kinachoonekana kwenye kioo ni katuni za vijana weusi wanaopigana risasi mitaani, na mchezaji anapata alama kwa kuua. Jambazi mwenye bunduki ananyamaza, kisha anasema atazungumza na baba wa mtoto huyo kuhusu mchezo ule. Mtu anaweza kulalamika kwamba Lee ameweka mahubiri katikati ya wizi. Mimi nasema tukio hilo linafanya kazi yake: linatuonyesha kwamba Russell ana mipaka, na linatuandaa tusishangae tutakapogundua kwamba bunduki za kundi lake ni za bandia na kwamba mateka aliyeuawa mbele ya kamera hakuuawa. Hakuna mtu hata mmoja anayekufa katika Inside Man. Ukiilinganisha na Heat ya Michael Mann ya mwaka 1995, ambako wizi wa benki unaishia kwa vita vya bunduki katikati ya Los Angeles, utaona ni ujasiri wa namna gani kushikilia watazamaji kwa dakika 129 bila maiti.

Lee hafichi aliyemfundisha. Dog Day Afternoon ya Sidney Lumet, ya mwaka 1975, iliyotokana na tukio la kweli la Brooklyn mwaka 1972, inatajwa wazi na wahusika. Hata waigizaji wawili wa filamu ile wamerudishwa: Marcia Jean Kurtz, aliyekuwa mateka kwa Lumet, ni mateka tena kwa Lee, na Lionel Pina, aliyepeleka piza enzi zile, anabeba piza tena. Ni heshima kwa mkubwa wa kazi, na pia ni ulinzi: Frazier amekulia kwenye filamu hizo, kwa hiyo haiwezekani kumchezea mbinu ambazo mtazamaji anazijua.

Sasa udhaifu.

Naanza na ule ambao wengine wanauita nguvu. Mahojiano ya mateka hayakuwekwa mwishoni; yametawanywa katikati ya filamu, yamepigwa kwa rangi iliyopauka ili tujue ni baadaye. Kwa upande mmoja yanaamsha akili, maana tunaanza kuwachunguza mateka ndani ya benki tukikumbuka nyuso zao mezani kwa Frazier. Kwa upande mwingine yanatuambia mapema mno kwamba watu wametoka salama. Russell anapotishia kuua, hofu imeshapungua nusu. Lee anapomwonyesha Frazier akielea kuelekea benki baada ya yale mauaji ya uongo, kwa ule mtindo wake wa kumsimamisha mwigizaji juu ya kigari kimoja na kamera, mtindo ambao ndani ya Malcolm X ulitoa machozi, hapa unapendeza macho tu. Mtazamaji hana hasira ile Frazier aliyonayo, kwa sababu ameshaona watu wakihojiwa na hajasikia popote kwamba kuna marehemu.

Madeleine White ni tatizo kubwa zaidi. Jodie Foster anaicheza sehemu hii kwa ustadi, kila suti imekaa, kila tabasamu lina bei. Lakini ukiuliza mwanamke huyu ni nani, muswada hauna jibu. Anamwamuru meya. Anaingia benki iliyotekwa kama anaingia dukani. Anajua siri za kila mtu. Nguvu zake hazina chanzo, na kwa hiyo hazina kikomo, na mhusika asiye na kikomo hawezi kututia wasiwasi. Mbaya zaidi, hafanikishi chochote. Russell alikuwa ameshapanga kila kitu kabla yake, na Frazier anaifikia siri kwa miguu yake mwenyewe. Mwondoe White, wizi unabaki vilevile. Kilichopotea ni namna tu ya kutueleza kwamba matajiri wana watu wa kuwasafishia njia, na hilo meya na Case wangeweza kulieleza.

Halafu lipo lenyewe kasha 392. Ndani yake kuna hati zinazothibitisha kwamba Case alijenga utajiri wake kwa kufanya biashara na Wanazi wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuna mifuko ya almasi, na kuna pete ya Cartier iliyokuwa ya familia ya Kiyahudi ya Ufaransa ambayo yeye aliijua na akaitelekeza ikapelekwa makambini. Benki ilianzishwa mwaka 1948 kwa fedha hizo.

Maswali yanakuja yenyewe. Kwa nini mtu mwenye akili ya kujenga benki atunze kwa miaka zaidi ya 50 karatasi ambazo kiberiti kimoja kingezimaliza? Russell amejuaje kwamba lipo kasha, liko tawi gani, na ndani mna nini? Filamu haisemi, na haijaribu hata kutudokeza. Tena kuna hesabu ya umri. Mtu mzima aliyefanya biashara na Berlin wakati wa vita angekuwa anakaribia miaka 90 mwaka 2005. Plummer alizaliwa Desemba 1929. Vita vinakwisha Ulaya yeye alikuwa na miaka 15. Case anayetembea mbele yetu ni mzee mkakamavu wa miaka 70 na kitu, na ukianza kupiga hesabu hiyo ukiwa kwenye kiti, filamu imekuponyoka.

Mashimo ya namna hiyo husameheka. Hakuna filamu ya wizi isiyo nayo, na mbinu ya Russell ya kutoroka ni nzuri kiasi kwamba mtu anasamehe mengi: chumba kile finyu cha mwanzo kumbe si mahabusu, ni nafasi waliyoijenga nyuma ya ukuta wa uongo ndani ya stoo ya benki. Amekaa humo wiki nzima, polisi wamepekua, wameondoka, biashara imeanza tena, naye anatoka kwa mlango wa mbele akiwa na almasi begani. Fedha zote za benki zimebaki salama. Hakuna aliyeuawa. Wakubwa wa Frazier wanamwambia jalada lifungwe, kwa sababu hakuna kilichoibwa na hakuna anayelalamika. Katika ofisi yoyote duniani jibu hilo linafahamika.

Kisichosameheka kwangu ni kwamba siri iliyochaguliwa ni nzito kuliko filamu inavyotaka kuibeba. Biashara ya mabenki na mali za Wayahudi waliouawa si jambo la kubuniwa. Mwaka 1998, miaka michache tu kabla ya filamu hii, mabenki makubwa ya Uswisi yalikubali kulipa dola bilioni 1.25 kumaliza madai ya manusura na warithi kuhusu akaunti zilizokaliwa kimya tangu vita. Gewirtz alikuwa na mgodi mzima mbele yake. Lakini katika Inside Man, watu walioporwa hawana uso. Hatumwoni mrithi hata mmoja. Hatusikii jina la ukoo wenye pete kwa namna ya kulikumbuka. Mwongozaji aliyempa mtafsiri wa Kialbania uhai kwa dakika chache, aliyempa Vikram heshima yake yote, amewaacha waathirika wakubwa wa hadithi yake wawe kitu ndani ya sanduku, sababu ya kumfanya mwizi aonekane msafi.

Na mwizi kweli anaonekana msafi mno. Mwishoni Russell anatueleza kwamba yeye si shahidi wa dini, kwamba fedha alizitaka, lakini pia kwamba alimwibia mtu aliyeuza utu wake kisha akajaribu kuufunika uozo huo kwa maisha marefu ya hisani. Maneno mazuri, na Clive Owen anayasema vizuri. Pete inaachwa ndani ya kasha pamoja na ujumbe wa kumwambia Frazier aifuatilie, na Frazier anaifuatilia hadi mbele ya Case. Kwa upande wa pete, haki imepata njia.

Almasi je? Hizo hazikuachwa. Zimeondoka na Russell na wenzake, na moja imetumbukizwa mfukoni mwa Frazier wakati wanapigana kikumbo mlangoni mwa benki. Frazier anaigundua usiku nyumbani, akiwa na mchumba wake ambaye wamekuwa wakizungumzia ndoa na gharama za pete tangu filamu inaanza. Anatabasamu. Tunatakiwa kutabasamu naye. Mpelelezi aliyetumia siku nzima chini ya tuhuma ya dola 140,000 ambazo hakuzichukua, sasa ameshika jiwe ambalo, kwa maelezo ya filamu yenyewe, limetoka katika malipo ya damu ya watu, na haulizi ni la nani. Kwa filamu nyepesi ya wizi ningepita hapo bila neno. Lakini muswada uliojitaabisha kiasi hicho kufuatilia pete moja ulikuwa na wajibu wa kumpa Frazier hata dakika moja ya kulitazama jiwe lile na kujiuliza.